Sura ya Sita: Wakala, Menyu na Majina ya Simuni

Masimulizi mengi kuhusu teknolojia ya simu nchini Tanzania huanzia kwenye simu janja, yaani simu yenye kioo cha kugusa na uwezo wa kupakua programu kutoka intaneti, kisha hutaja programu moja baada ya nyingine kana kwamba kabla yake palikuwa kimya. Kwa maeneo kama Buzuruga, mkoani Mwanza, mpangilio huo unapotosha, kwa sababu programu iliyobadilisha maisha ya wakazi wake haikuwahi kupakuliwa na mtu yeyote: ni menyu inayoitwa kwa kubonyeza nyota, tarakimu chache, na alama ambayo Watanzania wameizoea kwa jina la reli. Sura hii inaifuata menyu hiyo tangu ilipoingia hadi ilipoanza kusukumwa kando na programu za simu janja, na inajenga hoja moja: kwamba kila hatua ya teknolojia hii ilihitaji mdhamini, na kwamba aina ya mdhamini ndiyo iliyoamua nani anufaike na nani aumie, zaidi ya ubora wa kifaa au kasi ya mtandao.

Buzuruga ni kata ya Manispaa ya Ilemela iliyo kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, kati ya Mabatini na Nyakato, na haiko ufukweni kama ilivyo Kirumba. Umaarufu wake ulitokana na stendi. Kwa miaka mingi mabasi ya kuelekea mkoa wa Mara yalipakia hapo, hadi Manispaa ilipojenga stendi kubwa zaidi ya Nyamhongolo mbele kidogo ya barabara hiyohiyo na mabasi ya mikoani yakahamishiwa huko, huku Buzuruga ikiendelea kuwa eneo la daladala, bodaboda, maduka na vibanda. Stendi ni mahali pazuri pa kuchunguza fedha za simu, kwa kuwa hukutanisha watu wasiofahamiana na kuwataka waaminiane ndani ya dakika mbili, kabla gari halijaondoka.

Kabla ya 2008 fedha zilizotoka Mwanza kwenda Bunda, Tarime au Ukerewe zilisafiri mikononi mwa watu. Bahasha ilikabidhiwa kwa kondakta anayefahamika, au kwa ndugu anayekwenda msibani, au kwa nahodha wa chombo. Mwenye subira alitumia Posta, na mwenye akaunti alipanga foleni benki, ingawa matawi ya benki yalikuwa machache na yalikaa mijini. Kondakta aliaminiwa kwa sababu angerudi: basi lake lilikuwa na jina, stendi lilikolala ilijulikana, na bahasha iliyopotea leo ingedaiwa kesho mbele ya watu. Nchini Uganda wananchi walibuni njia yao wenyewe katika miaka hiyo, ambapo aliyeko mjini alinunua vocha, akamsomea mwenye kibanda cha simu kijijini tarakimu za vocha hiyo, naye akaiingiza kwenye simu yake ya biashara na kumkabidhi ndugu wa mtumaji noti baada ya kukata chake. Kampuni za simu, kwa namna hiyo, zilikuta mtandao wa kupitisha fedha ukiwa tayari umeundwa na watu.

Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya na kampuni ya Safaricom mwezi Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza 2005 kwa mchango wa fedha za serikali ya Uingereza. Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba majaribio hayo hayakulenga kutuma fedha nyumbani. Yalilenga kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kulipa marejesho yao kwa simu. Wakopaji wenyewe ndio walioipa huduma matumizi mengine, wakaanza kutumiana fedha kwa mambo yao, na kampuni ikawa na busara ya kuwafuata walikokwenda. Mwaka 2008 Vodacom iliileta huduma hiyo Tanzania, na washindani wakaja na za kwao: Zantel, Zain ambayo baadaye ikawa Airtel, Tigo, na Halotel iliyoingia sokoni 2015. Msomaji aikumbuke asili hiyo ya mikopo, kwa sababu miaka kumi baadaye mkopo ulirudi kwenye simu kwa sura tofauti kabisa.

Menyu ya nyota na reli huendeshwa kwa mfumo ujulikanao kwa herufi USSD, ambao ni sehemu ya viwango vya kimataifa vya simu za GSM na hauhitaji intaneti. Mteja anapobonyeza *150*00#, simu haifungui programu yoyote iliyohifadhiwa ndani yake. Inafungua mawasiliano ya muda mfupi na kompyuta za kampuni, nazo humtumia maandishi yasiyozidi herufi 182 kwa mara moja na kusubiri ajibu kwa tarakimu. Akichelewa, mawasiliano hukatika na kazi huanza upya. Umasikini huo wa maumbile ndio uliokuwa nguvu ya mfumo, kwani simu ndogo ya tochi, ile inayoitwa kitochi au kiswaswadu, hufanya muamala uleule unaofanywa na simu ya bei kubwa. Hakuna picha ya kupakua wala bando la kununua, na kampuni inapobadilisha menyu hakuna mteja anayelazimika kusasisha kitu. Mtu asiyesoma kwa ufasaha hukariri mfuatano wa tarakimu badala ya maneno, na ndiyo maana malalamiko huwa mengi kila kampuni inapohamisha kipengele kutoka namba moja kwenda nyingine, hata pale ambapo wahandisi wanadhani wameiboresha menyu.

Hata hivyo, menyu peke yake isingeweza kugeuza noti kuwa tarakimu wala tarakimu kuwa noti. Kazi hiyo ilibaki kwa wakala, mfanyabiashara mdogo mwenye meza na mwavuli au kibanda, asiyelipwa mshahara bali kamisheni kwa kila muamala. Wakala hulazimika kuwa na mitaji miwili kwa wakati mmoja: taslimu kwenye droo, na floti, yaani fedha ya kielektroniki iliyomo kwenye laini yake ya uwakala. Wateja wakija kuweka fedha, floti hupungua na noti huongezeka. Wakija kutoa, noti huisha na floti hujaa, na katika hali zote mbili humlazimu aende benki au kwa wakala mkuu kusawazisha, la sivyo anamrudisha mteja kwa jibu ambalo kila Mtanzania amewahi kulisikia, kwamba floti, au taslimu, imekwisha. Ustadi wa wakala basi uko katika kubashiri: kujua siku za mishahara, siku za kufungua shule, siku za mnada, na kupanga mitaji yake miwili kabla foleni haijaja.

Katika ukanda wa Ziwa Victoria ubashiri huo hufuata hata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta juu ya maji, na mbalamwezi inapokuwa kali uvuvi husimama kwa siku kadhaa, hivyo mapato yake huja kwa vipindi na kukatika kwa vipindi. Biashara ya sangara ina mwendo mwingine, kwa kuwa samaki huyo hununuliwa kwa ajili ya viwanda vya minofu vinavyouza nje ya nchi na bei yake huyumba kwa sababu zilizo mbali na ziwa. Mwaloni Kirumba, ambako dagaa wakavu huuzwa kwa magunia kwa wachuuzi wa mikoani na wa nchi jirani, mahitaji ni ya noti nyingi kwa mkupuo. Buzuruga, iliyo kwenye njia ya abiria na mizigo, huonekana zaidi upande wa pili wa fedha hizohizo, pale zinapogeuka kuwa ada ya mtoto, kodi ya chumba, bei ya bati au nauli ya mgonjwa. Anayetaka kuelewa uchumi wa ziwa angejifunza mengi kwa kufuatilia floti ya vibanda viwili, kimoja Kirumba na kimoja Buzuruga, kwa mwezi mmoja, kuanzia giza hadi giza.

Pamoja na fedha, huduma hii ilileta adabu zake. Kwa kuwa kutoa fedha kwa wakala kuna ada, mtumaji muungwana hutuma kiasi kilichoombwa pamoja na ya kutolea, ili mpokeaji asipunguziwe. Anayeomba msaada naye huongeza maneno hayo mwishoni mwa ombi lake bila aibu, na anayeyapuuza huhesabiwa kuwa mchoyo. Kwa upande wake wakala alijipatia kazi ambazo hazimo kwenye mkataba. Humfundisha mgeni hatua za menyu, humwambia asome jina lililojitokeza kabla ya kuthibitisha, humsaidia aliyekosea namba, na humuuliza mzee anayetaka kutuma kiasi kikubwa kwa haraka kama ana hakika na anayemtumia. Wapo wateja wanaomkabidhi simu pamoja na namba ya siri, jambo ambalo kampuni zote hulikataza na ambalo limewaponza wengi, lakini ambalo halishangazi mtu anapokumbuka kwamba mteja huyo hakuwahi kuikubali teknolojia yenyewe. Alimkubali mtu aliyeishika. Wakala alirithi nafasi ya kondakta. Ana meza isiyohama na jina linalojulikana mtaani, na kesho atakutwa palepale.

Nyuma ya wakala kulikuwa na dhamana ya pili ambayo mteja haioni. Fedha iliyomo kwenye simu hulingana na fedha halisi iliyowekwa benki katika akaunti ya dhamana, yaani akaunti ambayo kampuni ya simu huitunza kwa niaba ya wateja na hairuhusiwi kuitumia kama mali yake, na akaunti hiyo huzaa riba. Mwaka 2014 Tigo ilianza kugawa mapato hayo kwa wateja na mawakala wake, hatua iliyoiweka Tanzania mbele ya nchi nyingi. Mwaka huohuo baadhi ya kampuni ziliafikiana kuruhusu wateja watumiane fedha moja kwa moja kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikajiunga 2016. Kabla ya hapo aliyetaka kutuma nje ya mtandao wake alimtumia mpokeaji namba za kuchukulia fedha kwa wakala, au alimiliki laini tatu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 iliyaweka mambo hayo chini ya usimamizi wa Benki Kuu.

Tatizo kubwa la kwanza la imani lilitoka serikalini. Kuanzia tarehe 15 Julai 2021 kila muamala wa kutuma au kutoa fedha kwa simu ulitozwa tozo ya kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kulingana na kiasi, juu ya ada za kawaida za kampuni. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 ndani ya miezi miwili, na ikaendelea kupunguzwa mwaka uliofuata. Kwa mtu wa stendi hesabu ilikuwa nyepesi: pale gharama ya kutuma inapokaribia nauli ya mzigo juu ya basi, bahasha hurudi kuwa na maana. Tukio hilo lilionyesha kwamba mazoea ya kidijitali, hata yakionekana yamekita mizizi, huachwa haraka pale ambapo njia ya zamani bado ipo na watu wake bado wanafahamiana.

Wakati huo tatizo la pili lilikuwa limekwisha kukomaa. Ujumbe mfupi usemao kwamba ile pesa itumwe kwenye namba hii umewafikia karibu Watanzania wote wenye simu, na wengi huucheka; lakini haukubuniwa ili kuwadanganya wengi. Tapeli huutuma kwa maelfu ya namba akijua kwamba mahali fulani yupo mtu ambaye saa hiyohiyo anajiandaa kumtumia mwenye nyumba kodi, au fundi malipo, au mdogo wake ada, na kwake ujumbe huo ni wa kawaida kabisa. Utapeli huu unaishi ndani ya desturi ya kutumiana fedha, na kadiri desturi inavyokuwa hai ndivyo unavyonona. Ndugu zake ni simu ya mtu anayejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni, ujumbe wa mganga asiyeonekana, na mialiko ya kujiunga na Freemason ili kupata utajiri, ambayo imeenea nchini kiasi cha kuwa sehemu ya utani wa kila siku. Katika aina zote hizo kinachokosekana ni kibanda: mteja yuko peke yake na kioo, na hakuna mtu wa kumuuliza kama ana hakika.

Jibu la mamlaka lilikuwa kumtafuta mdhamini katika mwili wa mteja. Kuanzia Mei 2019 laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya kitambulisho cha Taifa, na tarehe ya mwisho, iliyokuwa 31 Desemba 2019, ilisogezwa hadi 20 Januari 2020 kwa sababu ya misururu kwenye ofisi za NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliweka pia menyu ya *106# ambayo humwezesha mtu kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa matapeli. Hatua hizo zina faida ya kweli, hasa kwa upelelezi. Lakini alama ya kidole huthibitisha nani aliisajili laini. Haithibitishi nani anaishika leo, na palipo na watu wanaosajili laini kwa vidole vya wengine kwa ujira au kwa hila, orodha safi ya serikali huweza kuwa na majina halali ya watu wasiohusika.

Sehemu ya tatu ya simulizi hii inahitaji kwanza kutazama matumizi mengine ya simu ambayo waandishi wa teknolojia huyapita haraka, nayo ni michango. Harusi, msiba, matibabu na sherehe ya kipaimara huendeshwa leo kupitia kundi la WhatsApp ambamo katibu wa kamati hubandika orodha ya majina, ahadi ya kila mtu na kiasi alichokwisha kulipa, na huirudia orodha hiyo kila anapopokea ujumbe wa muamala. Hakuna anayetishwa. Jina lililobaki bila tiki kwa wiki tatu huongea lenyewe, na mwenye jina hulipa, ama kwa mapenzi au kwa kuchelea macho ya shangazi zake. Orodha hiyo ni chombo cha kukusanya madeni chenye nguvu kuliko barua ya wakili, kwa kuwa inasimama juu ya uhusiano ambao mtu hawezi kuuhama. Kamati huitumia kwa kitu kilichokubaliwa na wote. Wafanyabiashara wa mikopo waliona nguvu hiyohiyo wakaichukua bila kuomba ridhaa.

Mikopo ya simu ilianza kwa upole, ndani ya menyu ileile. M-Pawa, iliyoanzishwa na Vodacom na Benki ya CBA mwaka 2014, iliunganisha akiba na mkopo mdogo. Songesha, iliyokuja baadaye, humkamilishia mteja muamala pale salio linapopungua. Huduma hizi humpima mkopaji kwa historia yake katika mtandao, na asipolipa adhabu yake kubwa ni kutokopeshwa tena. Nchini Kenya, katika miaka ya 2014 na 2015, kampuni kama Tala na Branch zilileta njia nyingine, ya programu ya kupakua inayoomba ruhusa ya kusoma yaliyomo kwenye simu. Ruhusa ni kibali ambacho mfumo wa simu humwomba mtumiaji kabla programu haijagusa kamera, mahali alipo, ujumbe wake au orodha ya majina aliyoyahifadhi. Wazo lilikuwa la kuvutia: mtu asiye na akaunti ya benki ana mamia ya ujumbe wa miamala ndani ya simu yake, na ujumbe huo, ukisomwa na kompyuta, ni daftari kamili la mapato na matumizi. Muuza nyanya asiye na hati ya nyumba alipata, kwa mara ya kwanza, kitu cha kumwonyesha mkopeshaji.

Wimbi lililofuata lilibeba wakopeshaji ambao hawakuhitaji daftari hilo. Walihitaji majina. Programu zilizotangazwa Facebook na Instagram kwa ahadi ya fedha ndani ya dakika tano, bila dhamana wala mdhamini, ziliomba ruhusa ya orodha nzima ya majina ya simuni, na mwombaji mwenye shida hubonyeza kukubali kama anavyobonyeza namba za menyu, bila kusoma. Hesabu ya mikopo hiyo ilikuwa ya kukausha damu, kwa msemo ambao Watanzania tayari walikuwa nao kwa wakopeshaji wa mitaani. Kwa mfano wa kueleza tu, mtu anayeidhinishiwa shilingi 50,000, akakatwa ada mapema na kupokea shilingi 35,000, kisha akatakiwa kurejesha shilingi 50,000 baada ya siku 7, amelipa takriban asilimia 43 ya alichopokea kwa wiki moja. Kikomo kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani taasisi ndogo zisizopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa shilingi 35,000 ni shilingi 1,225.

Siku ya marejesho ikipita, kazi ya majina ilianza. Ujumbe ulipelekwa kwa mama mkwe, kwa mwajiri, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mwenyekiti wa mtaa, ukimtaja mkopaji kuwa mwizi au ukidai kwamba mpokeaji ndiye aliyewekwa kuwa mdhamini. Picha yake ilisambazwa, na makundi ya WhatsApp yaliundwa kwa kazi hiyo. Hapa ndipo tangazo la mkopo usio na mdhamini linapodhihirika kuwa uongo. Mdhamini alikuwepo, tena si mmoja, ila hakuulizwa. Benki huchukua hati ya nyumba na mkopeshaji wa mtaani huchukua televisheni, vitu ambavyo ni vya mkopaji mwenyewe kuvitoa; programu hizi zilichukua heshima ya mtu machoni pa watu wake, pamoja na namba za watu hao, ambazo hazikuwa zake kuzitoa.

Hatua za udhibiti zilikuja kutoka pande tatu na kwa kasi tofauti. Kampuni ya Google, inayomiliki duka ambako programu nyingi za simu za Android hupakuliwa, ilikuwa imekataza tangu 2019 mikopo inayodaiwa yote ndani ya siku 60, kanuni iliyokwepwa kwa kuandika muda mrefu kwenye tangazo na kudai malipo mapema. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023 ikazizuia programu za mikopo kugusa majina na picha za mtumiaji. Kenya ilibadilisha sheria ya Benki Kuu yake mwishoni mwa 2021 ili wakopeshaji wa kidijitali wapate leseni, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa kutumia namba za watu waliomo kwenye simu za wakopaji. Tanzania ilitegemea kwanza Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kisha Agosti 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo mahususi wa wakopeshaji wa kidijitali unaogusa uwazi wa gharama, ukusanyaji wa madeni na faragha ya mteja. Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni.

Orodha ya 69 ilisambaa kwa kasi katika makundi yaleyale yaliyokuwa yakitumika kuaibisha watu, na ilikuwa msaada mkubwa, kwani iliwapa wakopaji uthibitisho kwamba waliokuwa wakiwatisha hawakuwa na kibali. Udhaifu wake ni wa kimaumbile. Kibanda kikifungwa, wakala wake hujulikana na mtaa humwona akiondoka; programu ikifungwa, hurudi kwa jina na nembo nyingine ndani ya wiki chache, wakati mwingine nje ya duka rasmi, kama faili linalotumwa kwa kiungo cha WhatsApp na kupakuliwa na mtu ambaye simu yake ilikwisha kumwonya kwamba chanzo hicho hakijulikani.

Upande wa taarifa zenyewe unasimamiwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, pamoja na Tume yake iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Sheria hiyo humlinda mhusika wa taarifa, yaani mtu yeyote ambaye taarifa zinamhusu, awe mteja wa kampuni au asiwe. Maana yake katika jambo hili ni pana kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mkopaji mmoja mwenye majina 400 simuni humwingiza kwenye mfumo wa mkopeshaji kila mmoja wa watu hao 400, na wa kwanza kuingizwa ni wale wanaohitajika na kila mtu: fundi, dereva wa bodaboda, mganga wa zahanati, na wakala ambaye namba yake imehifadhiwa na mamia ya wateja kwa jina la kazi yake tu. Kuifuta programu kwenye simu huondoa nembo yake kwenye kioo. Majina yaliyokwisha kunakiliwa hubaki kwenye seva za mkopeshaji, na haki ya kuomba yafutwe ni ya kila mwenye jina kwa nafsi yake, akiwemo yule ambaye hajawahi kuomba mkopo wala kulisikia jina la programu hiyo.